Ua Lililopewa Jina la India: Historia ya Lagastromia na Namna ya Kuitunza

Vitabu vya kumbukumbu ya hekalu vina desturi ya kuhesabu mawe: jiwe la msingi liliwekwa lini, mnara uliinuliwa mwaka gani, murti ziliwekwa wakfu siku ipi. Makala haya yanageukia upande wa pili wa ukuta, yaani bustanini, kwa kuwa bustani nayo ni sehemu ya ibada. Sura ya tisa ya Bhagavad Gita inataja jani, ua, tunda na maji miongoni mwa sadaka zinazopokelewa, na bustani ndiyo inayotupatia karibu vyote. Kabla ya pujari kuinua taa ya arati alfajiri, kuna mtu aliyekwisha kushika ndoo ya maji na makasi.

Mmea tunaokusudia kuusimulia ni ule ambao wataalamu huuita Lagerstroemia indica. Hapa tutauita lagastromia. Ni kichaka au mti mdogo, wa kimo cha mita mbili hadi nane kwa kadiri ya aina yake, wenye shina laini lililojaa mabaka ya kahawia na kijivu, na wenye vishada vya maua ya waridi, zambarau, nyekundu au nyeupe. Petali zake, ambazo kwa kawaida ni sita, zimekunjamana kama kitambaa cha krepu kilichokamuliwa na kuanikwa bila kupigwa pasi. Neno la pili katika jina lake, indica, maana yake ni «wa India». Kwa hiyo ni rahisi kwetu kuuona mmea huu kuwa ni jamaa aliyetangulia, aliyetoka katika nchi ya wazee wetu. Historia yake inaeleza jambo tofauti kidogo, na jambo hilo linafaa kutafakariwa na jumuiya inayoadhimisha miaka ya kukaa mahali pamoja.

Historia ya lagastromia katika maandishi inatupeleka kwanza China. Huko huitwa ziwei, jina ambalo ni lile lile la sehemu ya mbingu inayoizunguka ncha ya kaskazini, ambayo wanafalaki wa Kichina waliihesabu kuwa makao ya mtawala wa mbinguni. Mwaka 713, katika enzi ya mfalme Xuanzong wa nasaba ya Tang, ofisi kuu iliyotayarisha amri za mfalme mjini Chang'an ilibadilishwa jina ikaitwa kwa jina hilo la Ziwei, na ua hili likahusishwa na uwanja wa ofisi hiyo. Jina la ofisi halikudumu miaka mingi, lakini heshima ya ua ilibaki. Mshairi Bai Juyi, aliyeishi kati ya mwaka 772 na 846 na aliyepata kutumikia katika idara hiyo, aliliandikia shairi. Wachina wana jina jingine pia la mmea huu, bairihong, yaani «wekundu wa siku mia», kwa sababu hufululiza kuchanua muda mrefu, vishada vipya vikifuata vile vinavyopukutika. Wajapani nao, kwa kulitazama shina lake lisilo na gome la kushikia, waliuita sarusuberi, yaani mti unaomtelezesha nyani.

Jina la India lilitoka mbali na India, tena mbali na China: lilitoka Uswidi. Kampuni ya Uswidi ya India Mashariki ilianzishwa mwaka 1731 katika mji wa Gothenburg, na meli zake zilikwenda Canton kutafuta chai, hariri na vyombo vya kauri. Mmoja wa wakurugenzi wake, Magnus von Lagerström, alikuwa rafiki wa mwanabotania Carl Linnaeus, naye alimpatia mimea iliyoletwa na meli hizo kutoka mashariki. Mwaka 1759 Linnaeus aliutangaza mmea huu kwa jina la Lagerstroemia indica, akimtunuku rafiki yake kwa neno la kwanza. Kwa neno la pili alifuata desturi ya Wazungu wa zama zile, ambao kwao «India» ilikuwa jina la kuzijumlisha nchi nyingi zilizo ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Hivyo mmea uliostawishwa kwa karne nyingi China ukapewa jina la India na mtu aliyekaa Uppsala.

Linnaeus huyo huyo, mwaka 1753, alikuwa amekwisha kuliita ua la haibiskasi Hibiscus rosa-sinensis, yaani «waridi la China». Hilo ndilo ua jekundu ambalo mama zetu hulipeleka kwa Ganesha na kwa Kali, na hakuna anayelifikiria kuwa ni la Kichina. Galgota nalo, ua la rangi ya chungwa ambalo bila hilo hatuwezi kupamba mlango wa harusi wala kusherehekea Diwali, asili yake ni Amerika, hasa nchi ya Meksiko. Liliingia India baada ya Wareno kufungua njia zao za bahari katika karne ya 16. Leo makoja ya galgota huning'inia katika kila hekalu kutoka Dwarka hadi Dar es Salaam, na hakuna pujari anayesita kulipokea kwa sababu ya mahali lilipotoka. Kinachotazamwa ni mkono ulioliotesha na nia ya aliyelileta.

India haikuikosa lagastromia kabisa. Nchi hiyo ina jamaa wa karibu wa mmea huu ambaye ni mwenyeji halisi, naye ni Lagerstroemia speciosa, mti mkubwa wenye maua ya zambarau unaoitwa jarul katika Kihindi na Kibengali, na taman katika Kimarathi. Ua la taman ndilo ua rasmi la jimbo la Maharashtra. Mbao zake hustahimili maji, na kwa sababu hiyo zilitumiwa kuundia boti na madau. Lagastromia ya China ilipofika katika bustani za India ilikuta, kwa namna ya kusema, nyumba yenye ndugu. Ilipokewa na kupewa majina ya wenyeji, mojawapo likiwa saoni au sawani, jina linalokumbusha mwezi wa Sawan, mwezi wa mvua na wa ibada za Shiva. Mmea unaopasua vitumba vyake wakati mvua inaponyesha usingeweza kupata jina lililo zuri zaidi.

Kutoka pwani ya Gujarat hadi pwani ya Afrika njia ilikuwa imekwisha kuzoeleka tangu zamani. Pepo za kaskazi zilivileta vyombo kutoka Kutch na Porbandar hadi Mombasa na Unguja, na pepo za kusi zikavirudisha. Baadaye, kati ya mwaka 1896 na 1901, zaidi ya wafanyakazi 31,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya Uganda. Karibu 2,500 kati yao walifariki kazini, na wapatao 6,700 walibaki katika nchi hizi baada ya mikataba yao kwisha. Wakati huo huo serikali za kikoloni zilianzisha bustani za majaribio: ya Dar es Salaam mwaka 1893, ya Entebbe mwaka 1898, na ya Amani katika milima ya Usambara mwaka 1902. Bustani za aina hiyo zilibadilishana mbegu na miche na bustani kongwe za Asia, kama ile ya Calcutta iliyoanzishwa mwaka 1787. Lagastromia na jarul zote mbili zikaingia katika orodha ya mimea ya mapambo inayopandwa Afrika Mashariki. Mbegu za lagastromia ni ndogo, kavu, zenye kibawa, na kitawi chake hutoa mizizi kwa urahisi. Ni mmea unaofaa kwa safari za watu wasio na mizigo mingi.

Safari nyingine haikuwa ya hiari. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda wangefukuzwa nchini, nao wakapewa siku 90 za kuondoka. Muda huo ni mfupi kuliko ule ambao Wachina waliuhesabu kwa ua hili. Aliyeiacha lagastromia yake ikianza kuchanua wakati wa tangazo alikuwa hana budi kuondoka kabla siku mia hazijatimia. Wapatao 28,000 kati ya waliofukuzwa walipokewa Uingereza, na wengi wao walijenga upya maisha na mahekalu katika miji kama Leicester. Huko walikuta kwamba hata mimea ina mipaka yake. Lagastromia ilifikishwa Uingereza katika karne ya 18, lakini kiangazi cha visiwa vile ni cha baridi mno kwake. Huishi, hutoa majani, na mara nyingi hukataa kutoa ua isipokuwa imeegemezwa kwenye ukuta unaopata jua au imewekwa katika nyumba ya vioo. Nchini Uganda, kuanzia miaka ya 1980 na 1990, baadhi ya waliofukuzwa walirudi, mali zikaanza kurejeshwa, na milango ya mahekalu ikafunguliwa tena. Lagastromia iliyokomaa huvumilia ukame na kuachwa peke yake, na hata ikikatwa huchipua tena kutoka chini. Lakini ua linahitaji mtu. Bila wa kuupogoa, mmea huwa kichaka kilichosongamana, chenye majani mengi na vishada vichache.

Marekani historia ilichukua mkondo mwingine. Mwishoni mwa karne ya 18 mwanabotania Mfaransa André Michaux, aliyekuwa na bustani ya miche karibu na Charleston katika South Carolina, alikuwa miongoni mwa walioueneza mmea huu huko. Joto la kusini mwa Marekani lilimpendeza mgeni, akaenea kila kijiji, na mwaka 1997 jimbo la Texas lilimtangaza kuwa kichaka chake rasmi. Tatizo lilikuwa ugonjwa wa ubwiri unga, ambao huyapaka majani na vitumba vumbi jeupe kama unga wa ngano na kuvizuia visifunguke. Mwaka 1956 mtaalamu John Creech alikusanya mbegu za jamaa mwingine, Lagerstroemia fauriei, katika kisiwa cha Yakushima nchini Japan, na ikaonekana kwamba mti huo haudhuriki na ubwiri unga. Donald Egolf, aliyekuwa mzalishaji wa mimea katika Bustani ya Taifa ya Miti mjini Washington, aliuchanganya na lagastromia ya kawaida, kizazi baada ya kizazi. Aina zake, alizozipa majina ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, zilianza kutolewa. Natchez yenye maua meupe na Muskogee yenye maua ya zambarau hafifu zilitoka mwaka 1978. Anayenunua mche leo ana haki ya kuuliza kama ni wa ukoo huo, hasa akiishi mahali penye unyevu mwingi.

Kutokana na safari hizi zote tunaweza kuzijua haja za mmea wenyewe. Kwanza ni jua. Lagastromia inataka jua kali kwa muda usiopungua saa sita kwa siku. Ikipandwa kivulini mwa ukuta mrefu wa hekalu au chini ya mwembe, itarefuka ikitafuta mwanga, itapata ubwiri unga, na haitachanua. Pili ni udongo unaopitisha maji, wenye tindikali kidogo. Penye udongo wa mfinyanzi, shimo lichimbwe pana, mara mbili au tatu ya upana wa mizizi, lakini lisizidi kina chake, na udongo uchanganywe na mboji. Mche usizikwe shingo. Safu ya matandazo ya majani makavu iwekwe kuuzunguka, ila isiguse shina.

Mwaka wa kwanza mche unyweshwe maji mengi mara moja au mbili kwa juma, yafike chini kwenye mizizi. Kuunyunyizia kidogo kila jioni huifanya mizizi ibaki juu juu, na majani yanayolala na maji hukaribisha magonjwa. Mti ukishazoea mahali pake utahitaji maji wakati wa ukame mrefu tu. Samadi iliyooza vizuri, mara moja kwa mwaka kabla ya mvua, inatosha. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani mengi na maua machache, tena huwavuta vidukari, ambao hutoa utomvu mtamu unaoota ukungu mweusi kama masizi. Vidukari wachache huondolewa kwa maji yenye nguvu ya mpira. Wadudu magamba, ambao hujibandika kwenye gome kama punje nyeupe, husuguliwa kwa brashi laini na maji ya sabuni. Kwa wale wanaoishika ahimsa, inafaa kujua kwamba sumu za kupulizia maua zina hatari nyingine. Lagastromia haina nekta. Huwalisha nyuki kwa chavua tu. Katikati ya ua kuna chavulio nyingi za manjano zinazowapa nyuki chakula, na pembeni ziko chache ndefu ambazo chavua yake ndiyo hasa inayorutubisha mbegu. Ua hili limetenga fungu la wageni na fungu la uzazi, na mwenye kulipulizia sumu humdhuru mgeni akiwa mezani.

Jambo la mwisho ni kupogoa, nalo ndilo linalotuhusu zaidi wakati huu wa sherehe. Lagastromia huchanua kwenye matawi mapya, yaliyochipuka msimu huo huo. Katika nchi za baridi hupogolewa mwishoni mwa kipupwe, na katika nchi zetu wakati ufaao ni mwisho wa kiangazi, kabla masika hayajaanza. Kazi yenyewe ni ndogo: kuondoa machipukizi yanayoota chini ya shina, matawi yaliyokufa, yanayosuguana na yanayoelekea ndani, ili hewa ipite katikati. Vishada vilivyopukutika vikikatwa mapema, mara nyingi mti hutoa maua awamu ya pili. Matawi makubwa hayahitaji kuguswa.

Lakini mara nyingi sikukuu inapokaribia, rangi hupakwa ukutani, mahema hupimwa uwanjani, na kijana mwenye panga huagizwa kuisafisha bustani. Lagastromia hukatwa vichwa vyote kwa kimo kimoja, ikabaki mafundo. Ni kweli kwamba huchipua tena upesi, na wengi hudhani hiyo ni dalili ya afya. Machipukizi hayo hutoka kwa wingi katika fundo moja, ni marefu na dhaifu, hubeba vishada vizito, na mvua ya kwanza huyalaza chini. Mwaka unaofuata hukatwa tena palepale, fundo likavimba, jeraha likawa pana, na shina laini lililochukua miaka kumi au zaidi kupata uzuri wake likaharibika. Anayetaka kichaka kifupi apande aina fupi. Mti uliokwisha kuharibiwa unaweza kuokolewa: katika kila fundo yaachwe machipukizi mawili au matatu yenye nguvu yanayoelekea nje, mengine yaondolewe, na zoezi hilo lirudiwe kwa misimu miwili au mitatu. Ikiwa mafundo ni mabaya mno, mti ukatwe karibu na ardhi na kuanzishwa upya kwa mashina matatu hadi matano.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa kamati za mahekalu yetu: kabla ya kumpa mtu panga, apewe nusu saa ya maelezo. Na watunza bustani wetu, ambao wengi wao si Wahindu na ambao majina yao hayaandikwi katika mbao za wafadhili, wahesabiwe miongoni mwa waliolijenga hekalu, kwa sababu makoja hutoka mikononi mwao. Ziko njia rahisi za kuwashirikisha vijana pia. Vitawi vya urefu wa kiganja, vikipandwa katika mchanga wenye unyevu wakati wa mvua, huweza kutoa mizizi ndani ya majuma machache, na kila familia inaweza kuchukua mche mmoja nyumbani kuwa kumbukumbu ya mwaka huu.

Lagastromia iliitwa ya India ilhali ililelewa China. Ilipofika India ikapewa jina la mvua za Sawan. Kule Texas ni alama ya jimbo. Na hapa kwetu huchanua masika yakija. Katika kila nchi ilikuwa ya wale waliokuwa tayari kuimwagilia mwaka wa kwanza na kuipogoa kwa huruma miaka iliyofuata. Jumuiya yetu nayo imepandwa katika udongo huu na vizazi vilivyotutangulia, na haki yake ya kuitwa ya hapa itaendelea kuonekana katika kile inachokitunza. Tunaitakia bustani ya hekalu, na wote wanaoihudumia, mvua njema na maua mengi. Om Shanti.